Raushan wa Kreni na Deni la Fleti

Kila aliyefanya kazi na Raushan pale Astana, mji mkuu wa Kazakistani, alimjua kwa mambo mawili: hachelewi kazini, na hatukani redioni. Hilo la pili lilikuwa ajabu, maana kule juu kwenye kreni za minara, upepo ukikitikisa kibanda na mzigo ukining'inia chini yako, mdomo hufunguka wenyewe. Rafiki yake Lyuba, aliyeendesha kreni ya jirani, alikuwa na matusi ya kuwatosha wote wawili.

"Natukana kwa niaba yako, shoga," alikuwa akimwambia. "Utanilipa siku ya kiyama."

Raushan alianza maisha ya ujenzi akiwa binti wa kubeba ndoo za rangi. Akasomea kreni jioni baada ya kazi, akapanda mnara, na hakushuka tena isipokuwa kwenda nyumbani. Mumewe Talgat alipokwenda magharibi kwenye visima vya mafuta, kisha akatuma salamu kwamba huko amepata mke mwingine, Raushan hakulia mbele ya mtu. Alikwenda benki, akachukua mkopo wa nyumba, akanunua fleti ya vyumba viwili ghorofa ya tano. Mtoto hawakujaliwa. Watu wakadhani mama yake Talgat, Bi Kaliman, atafungasha virago amfuate mwanawe. Kufungasha alifungasha kweli, ila alimfuata mkwe.

"Mama, watu watasema," Raushan alimwambia mlangoni.

"Waseme, midomo ni yao. Talgat nilimzaa, sikuwa na la kuchagua. Wewe nilikuchagua mwenyewe na hereni za uchumba nikakuvalisha kwa mikono yangu. Haya, chumba changu kiko wapi?"

Wakaishi hivyo. Mshahara wa kreni ulikuwa mzuri. Benki ilichukua chake kila mwezi, bima ikachukua chake kila mwaka, na kilichobaki kikatosha nyama, makaroni, chai ya maziwa, na dawa za magoti ya Bi Kaliman.

Siku ugonjwa ulipomjia mara ya kwanza, Raushan alikuwa ameinua mzigo wa nondo. Sikio la kushoto likaanza kunguruma kama jiko la mafuta lililopandishwa moto. Halafu dunia ikazunguka. Hakikuwa kizunguzungu cha njaa wala cha kuinuka ghafla. Mji wote ulipinduka, mto ukaja juu, mbingu ikaenda chini. Akafumba macho, akashikilia mitambo kwa mikono iliyoijua kazi kuliko kichwa, akabonyeza redio.

"Niongoze. Sioni vizuri, jua linanipiga."

"Jua gani, dada? Kuna mawingu," sauti ya mfunga mizigo ikajibu. Kisha kijana yule, bila kuuliza zaidi, akaanza: "Shusha. Shusha. Taratibu. Kushoto kidogo. Shusha. Hapo hapo, umefika."

Nondo zikatua. Raushan akatapika ndani ya kopo lake la chakula, akalala sakafuni mwa kibanda mpaka mji uliporudi mahali pake.

Hakumwambia mtu. Alijua wajibu wake ni kusema. Alijua pia kwamba tarehe ya benki inakaribia, na benki haina shemeji. Akajifariji kwamba ni uchovu, akapanda tena kesho yake, na kila alipoinua mzigo moyo ulimpiga kama wa mwizi. Alikuwa akimwomba Mungu kwa Kikazaki, kisha, kwa tahadhari, kwa Kirusi cha Lyuba.

Bahati yake, au ya watu waliokuwa chini, mara ya pili ugonjwa ulimkamata chumbani kwa nesi, pale madereva wanapopimwa presha asubuhi kabla ya kupanda. Akaanguka pamoja na kiti. Hospitalini daktari akamweleza kwa upole kwamba tatizo liko ndani kabisa ya sikio. Litakuja na kuondoka litakavyo, halitamuua, na dawa zitalipunguza bila kulimaliza.

"Na kreni?" Raushan akauliza.

"Dada yangu, hata ngazi ya kubadilishia taa usipande."

Pale kazini alipokewa na Saparbek, nyapara mkuu, mtu wa tumbo na tabasamu, aliyemjua tangu enzi za ndoo za rangi. Alimkaribisha ofisini, akamwagia chai, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Dada Raushan, sisi ni watu wa nyumba moja. Kazi ya chini kwa sasa sina. Nikikuandika nimekuondoa kwa ugonjwa, itakuwa safari ndefu: mara jopo, mara wakaguzi, mara hesabu zinakwama. Andika tu kwamba unaacha kwa hiari yako. Mshahara wako wa mwezi huu unaupata leo leo, na jina lako linabaki safi."

Raushan alikuwa bado na kichefuchefu. Alitaka kwenda kulala. Neno "safi" lilimpendeza. Akaandika, akatia sahihi, akamshukuru. Ndiyo, alimshukuru! Baadaye, kila alipoikumbuka shukrani ile, alitamani kujing'ata.

Benki alihudumiwa na binti anayeitwa Anel, mwenye kucha ndefu na sauti ya asali. Raushan alikuwa amejiandaa. Aliweka mezani vyeti vya daktari na mkataba wa bima, akasema kwamba kazi imekwisha kwa sababu ya ugonjwa, na kwamba bima aliyoilipia miaka yote inasema mtu akipoteza kazi watamlipia mkopo kwa muda.

Anel akasoma, akagusagusa kompyuta.

"Ni kweli, dada. Lakini hapa inaonekana umeacha kazi kwa hiari."

"Sikuacha kwa hiari. Nimekatazwa kupanda."

"Nakuelewa. Ila imeandikwa kwa hiari."

"Imeandikwa hivyo kwa sababu waliniambia niandike hivyo!"

"Nakuelewa kabisa, dada. Mfumo ndio haukubali."

Raushan akavuta pumzi. Akaonesha ukurasa mwingine: bima hiyo hiyo hulipa pia mtu akipata ulemavu. Anel akafurahi kama aliyeokota pete. Ndiyo, hulipa! Alete tu cheti cha ulemavu kutoka kwa jopo la madaktari, kiwe cha daraja la kwanza au la pili. La tatu halihesabiwi. Na wakati akisubiri, aendelee kulipa kama kawaida.

"Nilipe kwa pesa gani? Kazi si nimekwambia sina?"

"Kama kawaida, dada," Anel akarudia, na akambonyezea mwingine namba.

Jopo lilimwita baada ya kungoja kwingi. Walikuwa watatu nyuma ya meza, na kwenye sahani mbele yao palikuwa na biskuti. Wakamwambia asimame, afumbe macho, anyooshe mikono. Akasimama wima kama mlingoti. Atembee kwenye mstari, akatembea. Aguse pua, akaigusa. Siku hiyo sikio lilikuwa tulivu na kichwa kimetulia, na Raushan, aliyekuwa akiuombea ugonjwa upone, sasa alijikuta anaomba uje. Njoo, alisema moyoni. Dakika moja tu. Njoo, mshenzi wewe. Haukuja.

"Una bahati," mkubwa wa jopo akamwambia. "Uko imara."

"Leo niko imara. Juzi nililala sakafuni bafuni tangu asubuhi hadi adhuhuri, mama mkwe akinishika kichwa."

"Tunaandika tunachokiona, mama."

Alirudi nyumbani akautupa mkoba ukutani. Bi Kaliman, aliyekuwa akikanda unga, hakushtuka.

"Wamekunyima?"

"Wananiambia ni mzima! Kule kazini ni mgonjwa, hapa ni mzima. Mgonjwa wa kufukuzwa, mzima wa kulipa! Mama, mimi ni nani hasa?"

"Wewe ni mtu mwenye njaa. Nawa mikono, ukate unga huu."

Walikula. Baada ya chai mzee akaenda chumbani, akarudi na kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Raushan alikijua. Ndani yake mlikuwa na pesa za mazishi, alizozikusanya Bi Kaliman kutoka kwenye pensheni yake tangu magoti yalipoanza kumsumbua: za sanda, za mullah wa kumswalia, za kuchinja farasi wa kuwalisha watu siku ya arobaini.

"Peleka benki."

"Sichukui pesa za sanda yako. Nitalaaniwa."

"Utalaaniwa na nani? Mwenye sanda ndiye mimi."

Raushan alikataa, wakagombana mpaka jirani akagonga ukuta. Kesho yake, alipokuwa amelala, Bi Kaliman alivaa koti lake la mahameli, akajikokota hadi benki, akalipa mwezi ule na uliokwisha pita. Aliporudi alikuwa na uso wa mshindi.

"Nimelipa. Sasa nisipate kusikia umeanguka dirishani, wala mimi mwenyewe siruhusiwi kufa. Nimefilisika. Nikifa leo mtanizika kwenye mfuko wa viazi."

Raushan akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na hicho ndicho kilio cha kwanza ambacho mzee alikishuhudia tangu Talgat aondoke.

Mwezi uliofuata simu zikaanza. Sauti za vijana, kila siku mpya, zote zikimwita kwa heshima na kumkumbusha deni kana kwamba amelisahau. Raushan akaamua kwenda benki kuomba wampunguzie malipo kwa muda. Bi Kaliman akasema anakwenda naye. Sasa naye ana pesa zake mle.

Benki ilikuwa imejaa. Hewa ilikuwa nzito ya makoti na manukato. Walipata viti, namba yao ikiwa mbali. Na hapo, katikati ya watu, sikio la kushoto likawaka moto. Raushan alimshika mkwewe mkono.

"Mama, imekuja."

Alijaribu kusimama ili awahi nje. Sakafu ikamkimbia. Akapiga magoti, akashika mguu wa kiti cha mtu, akatapika juu ya marumaru zinazong'aa. Watu wakaruka pembeni wakiinua mikoba. "Asubuhi yote hii, amelewa!" mwanamke mmoja akasema. "Ndiyo hao wanaokopa wakanywa," mwingine akaitikia. Mlinzi akaja mbio, kijana mwenye mabega, akamshika Raushan kwapani.

"Inuka, mama. Kalewee kwako."

Raushan alisikia kila neno. Hilo ndilo lililomuuma zaidi: mwili ulikuwa umemtoroka lakini masikio yalibaki, hata lile bovu. Alitaka kusema kwamba pombe hajawahi kuonja, hata harusini kwake. Ulimi ukawa mzito, maneno yakatoka kama ya mlevi hasa.

Bi Kaliman ndiye aliyesema. Alisimama bila fimbo yake, kwa kuwa fimbo ilikuwa inatumika: ilikuwa juu ya bega la mlinzi.

"Mwachie! Mkono wako ukatike! Huyu ameijenga nusu ya mji huu, hata hilo paa lililokufunika kichwa pengine kaliinua yeye, na wewe unamburura kama mzoga? Mama yako yuko wapi nikamuulize alikulea na nini?"

"Bibi, amelewa..."

"Njoo umnuse! Njoo! Inama hapa unuse!"

Mlinzi, masikini, akainama akanusa. Akanyanyuka mwekundu.

"Hanuki pombe," akasema kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu, wasikie hao wenye mikoba!"

"Hanuki pombe!" akapaza sauti, kisha akavua koti lake akalikunja chini ya kichwa cha Raushan, na akaita gari la wagonjwa. Yule aliyesema kuhusu kukopa akaanza kuitafuta namba yake ya foleni kwa bidii kubwa.

Daktari wa gari la wagonjwa aliandika alichokiona: macho yanayochezacheza, mapigo, kutapika, kushindwa kusimama. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye mhuri kuuona ugonjwa ukiwa kazini. Kwa karatasi hiyo Raushan alirudi kwenye jopo, na jopo safari hii likampa ulemavu. Daraja la tatu.

Alipoisoma alicheka kwa sauti pale kwenye ngazi za hospitali. Mtu akamwuliza kama ana habari njema. "Nzuri mno," akajibu. "Nimekuwa mlemavu, lakini si vya kutosha."

Lyuba ndiye aliyemchochea kwenda kwa wakaguzi wa kazi. "Na mimi nitakwenda kusema. Nesi naye atasema, alikuona umeanguka na kiti. Kwa hiari, kwa hiari! Mimi kwa hiari yangu ningemtia Saparbek kwenye ndoano nimzungushe mji mzima." Walikwenda. Kabla ya siku ya kusikilizwa, Saparbek mwenyewe alikuja nyumbani na mfuko wa tufaha.

"Dada Raushan, umenishangaza. Mimi nilikusaidia."

"Ulinisaidia, kaka. Ndiyo maana bima hawanilipi."

"Mimi ningejuaje mambo ya bima? Niliambiwa na wakubwa niseme hivyo kwa kila mtu."

"Kwa kila mtu?" Raushan akauliza. "Kwa hiyo tuko wengi?"

Saparbek akatazama tufaha. Alipoondoka, Bi Kaliman alizikagua moja moja, akatoa zilizooza, na zilizobaki akazipikia jamu. "Tufaha hazina kosa," akasema.

Wakaguzi wakaamua kwamba Raushan hakuacha kazi, aliondolewa kwa ugonjwa, na kampuni imlipe kiinua mgongo chake. Akaibeba karatasi hiyo kwa Anel kama aliyebeba mtoto mchanga. Anel aliisoma, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya asali. Ilikuwa ya binti aliyechoka.

"Dada, bima walitaka taarifa mapema baada ya kazi kuisha. Muda umepita."

"Nilikuja mapema. Nilikuja kwako wewe, hapa hapa."

"Najua. Nakukumbuka. Lakini ulikuja na karatasi mbaya." Akaangalia nyuma yake, akainamisha kichwa. "Usizunguke tena na bima, watakumaliza nguvu. Omba nafuu. Nitakuandikia mwenyewe, vizuri."

Akaandika vizuri kweli. Benki ikakubali apunguziwe malipo kwa miezi kadhaa. Kilichopunguzwa hakikufutwa; kilisukumwa mbele, kikaongezewa riba, na deni likarefuka. Angemaliza kuilipa fleti ile akiwa mwanamke wa makamo. Sasa atailipa mpaka awe bibi. Raushan alilijua hilo wakati anatia sahihi. Safari hii alisoma kila mstari kwanza, watu wakimsubiri, na hakumshukuru mtu isipokuwa Anel.

Kiinua mgongo kikaziba malimbikizo. Kilichosalia Raushan alikifunga kwenye kitambaa cheupe, akakirudisha sandukuni kwa mzee. Bi Kaliman akahesabu, akahesabu tena.

"Za farasi hazitoshi hapa."

"Kondoo basi, mama."

"Watu watanisema, arobaini ya kondoo." Akafunga fundo. "Itabidi ningoje."

Kazi ilipatikana pia, ya kukaa: kituo cha kupokea simu za lifti zilizokwama, kwenye mitaa ya kusini. Mshahara ulikuwa robo ya ule wa kreni. Ili kufidia, walipangisha chumba kikubwa kwa madada wawili walimu kutoka Semey, na Raushan akahamia chumba kidogo na mkwewe, vitanda viwili vikigusana. Fleti yake mwenyewe, na asubuhi alipanga foleni ya bafu akiwa ameshika taulo kama yuko bwenini. Walimu wale walikuwa wema na walilipa kwa wakati. Hilo halikumzuia kuwachukia kila walipoimba huku maji ya moto yakiisha.

"Wagongee," Bi Kaliman alimwambia Jumatatu moja. "Nyumba ni yako."

"Nyumba ni ya benki, mama. Mimi na wale sote wapangaji, ila mimi nalipa zaidi."

"Basi nitagonga mimi, mimi sijatia sahihi popote." Na mzee akaupiga mlango wa bafu kwa kiganja, akipaza sauti kwamba watu wanakwenda kazini na bahari haijaunganishwa na bomba hili.

Raushan alifika kituoni nywele zikiwa bado mbichi. Sikio lilikuwa likinguruma, kwa mbali, la kuvumilika. Aliketi, akavaa vipokea sauti, akavisogeza vikae vyema upande wa sikio zima. Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanaume aliyekwama kati ya ghorofa ya saba na ya nane, akitukana benki, serikali, mafundi, na mama zao wote.

Raushan alimwacha amalize. Kisha akavuta kalamu.

"Pole, kaka. Nimekusikia. Sasa niambie jengo namba ngapi."